Presha ya mimba: homoni zinafanya nini hasa mwilini, na kwa nini "ni homoni tu" lisiwe jibu la mwisho

Mkunga_Dom (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu, na wengine wote habari za saa hizi.

Kuna dada aliandika humu majuzi kwamba ana mimba ya miezi saba, kichwa kinamgonga kutwa nzima na pete ya ndoa imegoma kutoka kidoleni. Majibu aliyopata karibu yote yalifanana: "Pole mama kijacho, hizo ni homoni tu, zitaisha ukijifungua." Nilimwandikia pembeni aende akapimwe siku hiyohiyo. Jibu lile nalisikia kliniki, nalisikia soko la Majengo, hata kwenye jumuiya. Linanisumbua kwa sababu nusu yake ni kweli. Ni homoni kweli, na ndizo hizohizo zinazobana mishipa ya damu, kuumiza figo na kumwangusha mama kwa kifafa cha mimba. Anayesema ni homoni amalizie na neno la pili: twende tukapime.

Mimi ni mkunga, niko Dodoma mjini, zamani nilikuwa wilayani. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Tuanze na mimba isiyo na shida. Mimba ikishatunga, projesteroni inapanda na mishipa ya damu inalegea. Kuna homoni nyingine inaitwa relaksini, nayo inasaidia kulegeza. Damu ya mama inaongezeka, maji yake yanafika karibu mara moja na nusu ya yale ya mwanzo. Wakati huohuo estrojeni inalisukuma ini litoe kwa wingi malighafi ya anjiotensini, homoni inayobana mishipa, figo zinamwaga renini inayoanza kuichakata malighafi hiyo, na zile tezi mbili zilizokaa juu ya figo, adrenali, zinamwaga aldosteroni ambayo kazi yake ni kushikilia chumvi na maji. Mtu asiye na mimba akikutwa na anjiotensini nyingi kiasi hicho, presha yake ingekuwa juu mno. Kwa mjamzito haipandi, kwa sababu mishipa yake inakuwa sugu kwa anjiotensini. Inaitwa ibane, haibani. Ndiyo maana katikati ya mimba presha hushuka kidogo na mama anaona kizunguzungu akiinuka ghafla kwenye benchi.

Sasa fikiria usugu ule ukipotea. Mwaka 1973 watafiti wa Dallas, Marekani, waliandika walichokiona kwa wasichana wenye mimba ya kwanza waliowafuatilia kwa kupima ni anjiotensini kiasi gani inatosha kupandisha presha. Waliokuja kupata presha ya mimba walikuwa wameanza kupoteza usugu wiki kadhaa kabla mashine haijaonyesha kitu. Kwa maneno mengine, siku mama anapokutwa na 140/90, ugonjwa una muda mrefu ndani ya nyumba.

Unaanzia wapi? Kwenye kondo la nyuma. Katika nusu ya kwanza ya mimba, chembe za kondo zinatakiwa ziingie kwenye mishipa midogo ya mji wa mimba na kuipanua ili damu ipite bila kizuizi. Kwa baadhi ya kina mama kazi hiyo inafanyika nusunusu. Kondo linabaki na njaa ya damu, nalo linaanza kumwaga kwenye damu ya mama protini iitwayo sFlt-1. Hii inafanya kazi ya uharibifu: inavikamata vichochezi ambavyo ngozi ya ndani ya mishipa inavihitaji ili iwe na afya. Vichochezi vikikamatwa, mishipa inabana, figo zinavujisha protini, ubongo unavimba, ini linauma. Mwaka 2003 watafiti wa Boston waliwawekea panya wenye mimba protini hiyo, na panya wakapata presha, protini kwenye mkojo, na figo zenye jeraha linalofanana na lile tunalolijua kwa binadamu.

Kuna na mvutano mwingine. Prostasaiklini inapanua mishipa, thromboksani inaibana na kugandisha damu. Kwenye presha ya mimba thromboksani inashinda. Aspirini ya dozi ndogo inapunguza thromboksani, na hapo ndipo inapopata nafasi yake kwa mama mwenye hatari kubwa. Utafiti wa 2017 uliotumia miligramu 150 kila usiku, kuanzia wiki za 11 hadi 14, ulipunguza presha ya mimba ya mapema, ile inayolazimisha kujifungua kabla ya wiki 37, kwa zaidi ya nusu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 75 kwa wenye hatari kubwa. Msijinunulie dukani. Daktari ndiye aamue nani apewe, na mapema, kabla mimba haijafika miezi mitano.

Ulizeni, nipo.

---

BabaNeema_Kizota

Asante sana mleta uzi. Mke wangu mimba ya kwanza alikuwa anaumwa kichwa na anaona nyota nyota. Zahanati moja, sitaitaja, hawakumfunga hata ile mashine mkononi. Wakamwambia ana mawazo, mimi kama mume nipunguze kumuudhi. Nikarudi nyumbani najiona mkosaji. Baada ya siku chache ndugu yake akatuambia twende hospitali kubwa, tukakuta 170/110 na mkojo una protini nyingi. Mungu alisaidia, mtoto alizaliwa mdogo lakini yupo, Neema huyo sasa anasumbua shuleni. Swali langu: haya mawazo yana ukweli wowote?

---

Mkunga_Dom

Pole sana shemeji, na hongera kwa Neema. Mawazo yanapandisha adrenalini na kortisoli, presha inapanda kidogo kwa muda, halafu inashuka. Hayatoboi figo mpaka protini ivuje. Mama mwenye kichwa kisichosikia panadol na anaona maruweruwe hana haja ya kuulizwa mume wake anakaaje naye. Afungwe mashine, apimwe mkojo, basi. Mimi nakasirika nikisikia mama anabebeshwa lawama ya ugonjwa ulioanzia kwenye kondo, na mume naye anabebeshwa.

Kipimo chenyewe kina adabu zake. Mama anashuka kwenye bodaboda, kapanda ngazi, mkojo umembana, halafu anapimwa akiwa anaongea. Apumzike dakika tano, akae ameegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono uwe usawa wa moyo. Mwenye mkono mnene atafutiwe mkanda mpana, maana mwembamba unadanganya kwa kuonyesha presha kubwa kuliko iliyopo. Ikiwa 140/90 au zaidi, rudia baada ya saa nne. Ikiwa 160/110, huyo hasubiri saa nne. Rudia baada ya dakika chache, na ikibaki hapohapo anaanza dawa.

---

Maabara_Kwanza

Naongezea upande wa mkojo. Kile kijiti, kile kisehemu cha protini kinakuwa cha njano. Ukikichovya, kikibaki njano hakuna protini. Kikigeuka kijani, na kijani ikizidi kukolea, protini ndiyo inaongezeka. Ni kitu cha dakika moja na kila mama anaweza kukiona kwa macho yake. Mwambieni anayewapima awaonyeshe. Pia mkojo uwe wa katikati, umejisafisha kwanza, kwa sababu uchafu wa ukeni unaweza kuleta protini ya uongo.

---

Mzee_wa_Mpwapwa

Nimesoma kwa makini. Sisi zamani mama akianguka na kutoa povu tulijua ni mapepo, au kuna mtu kamfanyia jambo. Tulikuwa tunamwita mtaalamu kwanza, hospitali baadaye. Dada yangu wa tumbo moja aliondoka hivyo, mimba yake ya kwanza. Leo nina wajukuu wanaozaa. Nataka kuelewa, kule kuanguka kunatokana na nini hasa, na dawa yake ni ipi?

---

Mkunga_Dom

Shikamoo mzee wangu, na pole kwa dada. Nakushukuru kwa kulisema waziwazi hapa, kuna watu watalisoma na watachukua hatua.

Mishipa ya ubongo inapobanwa na kuumia, maji yanavuja kuingia kwenye ubongo, ubongo unavimba na kutoa umeme usio na mpangilio. Ndiyo lile anguko. Dawa yake ni magnesiamu salfeti. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2002, uliohusisha kina mama zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba mama mwenye presha ya mimba akipewa dawa hii, hatari ya kupata kifafa inapungua zaidi ya nusu. Inaanza kwenye mshipa, kisha sindano nzito mbili za makalio, inauma kweli. Baada ya hapo utatuona tunamgonga goti kwa kinyundo kila mara. Watu wanadhani tunacheza. Tunaangalia kama goti bado linaruka, kwa sababu dawa ikizidi mwilini goti linakuwa la kwanza kunyamaza kabla pumzi haijaguswa. Tunahesabu pumzi, tunapima mkojo unaotoka, na kalsiamu glukoneti inakaa tayari pembeni ya kuizima dawa ikizidi.

Akiangukia nyumbani: mlazeni ubavu wa kushoto, ondoeni vitu vya kumuumiza karibu yake, msimtie kijiko wala kitambaa mdomoni, msimnyweshe chochote. Pigeni 115, namba ya m-mama, ni bure, usafiri unatafutwa. Mwombeeni mkiwa njiani.

---

BintiKondoa

Dada mkunga, mimi kesi yangu imenichanganya. Nina miaka 26. Mwanangu ana miezi minane. Wakati wa mimba presha ilikuwa inacheza 130 hivi, hakuna protini, nikajifungua salama. Wiki moja baada ya kujifungua ikaruka 180/115. Mpaka leo natumia dawa za aina tatu na haishuki chini ya 150. Kila mtu ananiambia ni presha ya uzazi itaondoka yenyewe. Miguu inakuwa dhaifu, usiku misuli inakakamaa. Kwetu mama na baba hawana presha.

---

Mkunga_Dom

Mdogo wangu, hapa nakuomba usome taratibu.

Presha iliyoletwa na mimba inatakiwa iwe imeondoka ndani ya wiki 12 baada ya kujifungua. Wewe una miezi minane. Umri mdogo, dawa tatu, haishuki, misuli dhaifu. Mtu wa hivyo anatakiwa atafutwe chanzo, na chanzo kimojawapo ni tezi za adrenali kutoa aldosteroni nyingi kupita kiasi. Ugonjwa huo ulielezwa mwaka 1955 na daktari Jerome Conn wa Marekani. Aldosteroni ikizidi inashikilia chumvi na kutupa potasiamu kwenye mkojo, na potasiamu ikishuka misuli inalegea na kukakamaa kama unavyoeleza.

Na kwa nini mimba ilikustahi? Kwa sababu projesteroni inakaa kwenye kiti kilekile cha aldosteroni ndani ya figo na kuizuia isikae. Mwenye ugonjwa huu anaweza kuwa na nafuu kipindi chote cha mimba. Kondo likitoka, projesteroni inaporomoka, kiti kinabaki wazi, presha inaruka. Sisemi kwamba ndicho ulichonacho, sijakupima. Nasema historia yako inastahili kipimo cha potasiamu, renini na aldosteroni, na ukimsimulia daktari hivihivi ulivyotusimulia hapa ataelewa.

Nikishakuwa hapa niwataje na ndugu wengine wa ugonjwa huo, maana ni nadra lakini wanaua wasipofikiriwa. Uvimbe wa adrenali unaomwaga adrenalini: presha inakuja kwa vipindi, na kichwa, jasho na moyo kwenda mbio vinakuja kwa pamoja, halafu mtu anarudi kawaida. Kortisoli nyingi: uso wa mviringo, michirizi ya zambarau tumboni ambayo ni mipana kuliko ile ya mimba, ngozi inachubuka ovyo. Tezi ya shingo, ikifanya kazi kupita kiasi au chini ya kiasi, zote zinavuruga presha. Na mimba zabibu, ambapo homoni ya mimba inapanda kupita kawaida: ukiona presha na protini kabla ya wiki 20, ultrasaundi ifanyike haraka. Kuna hata familia chache zenye hitilafu ya kurithi iliyoelezwa mwaka 2000, ambapo projesteroni yenyewe inawasha kile kiti badala ya kukizuia, na mwanamke wa familia hiyo presha yake inapaa akishika mimba tu.

---

Duka_la_Dawa_Nkuhungu

Mkunga nakuunga mkono. Nitoe angalizo kutoka kaunta yangu. Watu wanakuja kumnunulia mjamzito dawa ya presha ya mama mkwe. Kaptoprili, enalaprili, losatani: hizi zinaingilia mfumo wa renini na anjiotensini, na figo za mtoto tumboni zinautegemea mfumo huo. Maji ya uzazi yanakauka, mtoto anaweza kufa. Mwenye kuzitumia akijua ana mimba, au anapanga kubeba, aende abadilishiwe mapema. Za mjamzito tunazozijua ni metildopa, ile wengi wanaiita Aldomet, pia nifedipini na labetaloli, na zote kwa cheti.

---

Mama_Pendo_Bahi

Je, chumvi? Mama mkwe amenikatazia chumvi kabisa, nakula mlenda haujatiwa hata punje. Na kalsiamu nilizopewa kliniki zinanifunga choo, nimeziacha. Nina mimba ya pili, ya kwanza nilipata presha.

---

Mkunga_Dom

Mama Pendo, kula mlenda wako na chumvi ya kawaida. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kumnyima mjamzito chumvi kwa lengo la kuzuia presha ya mimba. Ukirudi kwenye homoni utaona sababu: kwenye ugonjwa huu renini na aldosteroni zinakuwa chini zaidi kuliko kwa mjamzito mzima, na maji ndani ya mishipa yamepungua, hata kama miguu imevimba. Tatizo liko kwenye mishipa iliyobana. Mwenye presha tangu kabla ya mimba huyo ni mwingine, afuate alichoambiwa. Mwambie mama mkwe kwa upole, nia yake ni njema.

Kalsiamu usiiache! Mwili ukikosa kalsiamu, homoni ya tezi ndogo za shingoni na renini hupanda, na maelezo yanayokubalika ni kwamba hapo misuli ya mishipa inabana zaidi. Huku kwetu tunakula ugali wa uwele na mtama, mboga za majani, maziwa kwa anayefuga. Wengi hatufikishi kiwango. Mwongozo uliozoeleka umekuwa gramu moja na nusu hadi mbili kwa siku, vidonge vikubwa, watu wanachoka. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam kwa wajawazito 11,000, sambamba na mwingine kama huo India, na kuchapishwa 2024, uliona kwamba kwa kuzuia presha ya mimba, miligramu 500 haikuwa nyuma ya 1,500. Kwa hiyo uliza kliniki kuhusu dozi ndogo, usimeze pamoja na vidonge vya kuongeza damu, achanisha saa kadhaa, na maji ya kunywa yaongezeke. Na kwa kuwa ya kwanza ulipata presha, waulize kuhusu aspirini wiki hii. Una mimba ya muda gani?

---

Mama_Pendo_Bahi

Miezi mitatu na nusu.

---

Mkunga_Dom

Uko ndani ya muda. Usisubiri tarehe ya kadi, nenda kesho.

---

BabaNeema_Kizota

Swali la mwisho kutoka kwangu. Baada ya kujifungua tunaambiwa kondo limetoka, ugonjwa umeisha. Na uzazi wa mpango je? Mke wangu anaogopa vidonge kwamba vitarudisha presha.

---

Mkunga_Dom

Kondo likitoka chanzo kimetoka, lakini madhara kwenye mishipa hayaondoki jioni ileile. Presha mara nyingi inapanda zaidi kati ya siku ya tatu na ya sita, wakati mama kesharuhusiwa, yuko nyumbani, watu wanakuja kumwona mtoto na uji unachemka. Kifafa cha mimba kinaweza kumkuta hapo. Kichwa kikali, maruweruwe, maumivu ya chembe cha moyo au chini ya mbavu za kulia, kubanwa pumzi: arudi hata kama ni usiku. Natamani kila aliyekuwa na presha apimwe ndani ya wiki hiyo ya kwanza, na sio lazima iwe mbali, zahanati ya kata inatosha.

Hofu ya mkeo kuhusu vidonge ina msingi. Vidonge vya mchanganyiko vina estrojeni, na nimesema mwanzo estrojeni inalisukuma ini litoe malighafi ya anjiotensini. Mwenye presha iliyopo sasa asivitumie. Aliyepata wakati wa mimba na sasa iko sawa anaweza kuruhusiwa kwa kufuatiliwa, ila zipo njia zisizo na estrojeni: kipandikizi, kitanzi, vidonge vya projestini peke yake. Sindano nayo haina estrojeni, lakini kama presha yake iko juu sana atashauriwa njia nyingine. Aende na historia yake yote.

Na apime presha angalau mara moja kwa mwaka, maisha yake yote. Waliowahi kupata presha ya mimba wana hatari takriban mara mbili ya ugonjwa wa moyo na kiharusi huko mbele. Hilo hawaambiwi vya kutosha.

---

Mzee_wa_Mpwapwa

Nimemsomea mjukuu huu uzi wote kwa sauti. Ana mimba ya miezi sita. Kesho naenda naye mimi mwenyewe.

---

BintiKondoa

Nimerudi. Nilimweleza daktari kama ulivyosema. Potasiamu imekutwa chini. Ameniandikia rufaa niende Hospitali ya Benjamin Mkapa kwa vipimo vya homoni na picha ya tezi. Naogopa, lakini angalau sasa kuna kitu cha kutafuta. Nibebe nini?

---

Mkunga_Dom

Nimefurahi sana mdogo wangu. Beba kadi ya kliniki ya ile mimba, ukurasa wa presha usipotee. Beba karatasi za kujifungua, majibu ya potasiamu, na maganda ya dawa zote unazomeza, pamoja na za asili kama zipo. Baadhi ya dawa za presha zinavuruga kipimo cha renini na aldosteroni, kwa hiyo wanaweza kukubadilishia kwa muda kabla ya kukutoa damu. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako ukiwa unasubiri. Mwambie daktari unanyonyesha. Na kama hujaanza njia ya uzazi wa mpango, waombe wakusaidie siku hiyohiyo, isiyo na estrojeni, ili mimba nyingine isije kabla hawajamaliza.